Lugha ya Kutoza na Lugha ya Kuuliza

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Jinja hana budi kuianza kazi yake kwa kufagia. Kabla hajaandika ubaoni neno hata moja la ngeli, yampasa ajue kwamba wanafunzi walioketi mbele yake wamekwisha kukisikia Kiswahili nyumbani kwao, na kwamba walichokisikia ni amri. Waulizeni, ndugu walimu, ni maneno gani ya lugha hii waliyorithi kwa babu zao. Watawatajia simama, lete, toa, kaa chini, kimbia. Na katika kila darasa hatakosekana mmoja wa kutaja panda gari.

Wala si ajabu. Jinja ni mji wa mto Nile, wa umeme na wa viwanda, lakini pia ni mji wa kambi ya askari. Tangu zama za jeshi la King's African Rifles, Kiswahili kimekuwa hapa lugha ya gwaride, na ni katika kambi hiyo ya Jinja ambamo askari waliasi mwezi wa Januari 1964 wakidai mishahara, siku chache tu baada ya wenzao wa Tanganyika. Idi Amin, mwana wa jeshi hilo, ndiye aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, ambapo huko Kampala na kandokando yake askari walikuwa wakizingira mtaa mzima, wakiwaamuru watu wapande malori, na si wote waliopanda waliorudi makwao. Operesheni hizo wananchi waliziita kwa amri yenyewe: panda gari. Mzazi aliyeyaona hayo akituambia kwamba hataki mwanawe ajifunze lugha ya askari na majambazi, twamwelewa, ingawa hatukubaliani naye.

Tumeyatanguliza haya ili msomaji aelewe kwa nini jambo dogo tulilolishuhudia likizo ya Agosti iliyopita, katika njia ya kwenda Mbale, limetukaa moyoni kuliko ukubwa wake.

Tulikuwa watatu, sote walimu wa sekondari, tukielekea kwenye warsha ya siku tatu juu ya ufundishaji wa Kiswahili katika mtaala mpya ulioanza mwaka 2020. Tuliondoka Jinja alfajiri kwa takisi, yaani yale magari ya abiria ambayo Wakenya huyaita matatu na Watanzania daladala. Tukaipita Iganga, tukaiacha barabara kuu ya Tororo pale Nakalama, tukashika ile ya Tirinyi ipitayo Namutumba. Aliyewahi kuipita njia hiyo anajua jinsi nchi inavyoshuka polepole mpaka kwenye mabonde ya mpunga, na jinsi mto Mpologoma unavyojificha ndani ya mafunjo, hata mgeni akavuka daraja asijue kwamba amevuka mto. Ng'ambo ya pili, katika nchi iliyokuwa zamani wilaya ya Bukedi, gari letu lilisimama. Ilikuwa siku ya soko katika mji mdogo ambao hatutautaja, kwa kuwa watu wake hawakutupa ruhusa ya kuwaandika, na umati ulikuwa umejaa barabarani.

Dereva alitwambia kwamba ni mkutano wa kupinga ushuru. Abiria wawili wakashuka haraka, wakatafuta pikipiki za kuwavusha. Sisi tulishuka pia, lakini kwa kutaka kusikia.

Watu walipata mia mbili hivi. Hapakuwa na bendera ya chama chochote, wala kipaza sauti. Aliyetaka kusema alipanda juu ya kreti za soda zilizopangwa mbele ya duka, akasema, akashuka. Lugha ilikuwa Kigwere, na palipokuwa na mfanyabiashara wa kutoka mbali ikachanganywa na Kiganda au Kiswahili. Shida yenyewe ilikuwa hii. Soko lilikuwa limekodishwa kwa mzabuni, kama ilivyokuwa desturi ya halmashauri nyingi za Uganda kwa miaka mingi: mtu huahidi kuilipa halmashauri kiasi fulani kwa mwezi, kisha yeye hukusanya ushuru kwa wauzaji, na kinachozidi ni chake. Msomaji ataona mara moja hatari iliyomo. Halmashauri hupumzika, maana fedha yake inakuja bila taabu. Mzabuni naye ana kila sababu ya kukusanya zaidi na hana hata moja ya kutengeneza paa la soko. Muuzaji anayelipa hana mkataba na yeyote kati yao. Ana tiketi tu.

Mama mmoja muuza dagaa alipanda kreti akiwa na tiketi mbili mkononi. Moja, alieleza, alikatiwa langoni alipoingia na magunia yake. Ya pili alikatiwa ndani, mahali alipotandika turubai. Akaziinua zote mbili juu, akauliza: katika hizi, ipi ndiyo ya choo? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Soko lile halikuwa na choo, na wanawake wanaokaa pale tangu alfajiri hadi magharibi huomba katika nyumba za jirani, na majirani wengine wamekwisha kupanga bei. "Kwa hiyo mimi nalipa mara tatu," akasema, akashuka.

Baada yake alisimama mzee mwenye baiskeli, ambaye umri wake tuliukadiria kuwa miaka sabini na kitu. Huyu alizungumza taratibu kuhusu ile kodi ya ngazi, iliyotozwa kila mwanamume mzima, na mwanamke mwenye kipato, kwa kadiri wapimaji walivyouona uwezo wake. Kodi hiyo ilisitishwa nchini Uganda mwaka 2005, kwa hiyo wanafunzi wetu wa leo hawakuiona kabisa, lakini kila mtu mzima anaikumbuka. Tiketi ya kodi ilikuwa kama roho ya mwanamume. Aliyekutwa njiani bila tiketi alikamatwa, akafungwa kamba pamoja na wenzake, akapelekwa kwa chifu. Mzee alisema kwamba wapimaji walipokuwa wakija kijijini kwao alfajiri, wanaume walikuwa wakikimbilia kwenye mafunjo ya Mpologoma na kusimama majini mpaka jua litoke, na watoto walifundishwa kusema, "Baba hayupo." Kisha akasema maneno ambayo tuliyaandika katika daftari tukiwa bado tumesimama pale: "Zamani tulikuwa tunakimbia. Leo tumekuja wenyewe."

Mambo yalipofika hapo wakaja polisi wawili kwa pikipiki. Mkubwa wao, kwa sura na matamshi, alikuwa mtu wa kaskazini, na hakujua Kigwere. Akaita kwa Kiswahili: "Nani amewapa ruhusa? Tawanyikeni!" Tuliwaona watu wakirudi nyuma hatua moja, wote pamoja, hata watoto ambao hawakuzaliwa zama za panda gari. Neno lilikuwa la lugha yetu, na sisi walimu wake watatu tulisimama pale tukilisikia kwa masikio ya watu wengine.

Yule mzee hakurudi nyuma. Alimwendea askari na baiskeli yake, akamwambia: "Afande, sisi hapana kataa kulipa. Sisi nauliza tu."

Sarufi ya sentensi hizi mbili ingepata sifuri katika mtihani wowote tuutungao. Kikanushi si chake, kiambishi cha nafsi si chake. Ni Kiswahili cha kazini, ambacho wazee wengi wa mashariki walikiokota katika mashamba ya miwa ya Kakira, katika reli, au ng'ambo ya mpaka nchini Kenya. Nasi twasema, baada ya kufundisha lugha hii kwa karibu miaka ishirini, kwamba hatujasikia Kiswahili kilichotumika vizuri zaidi. Maana askari alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwa swali: "Mnauliza nini?" Mtu anapouliza swali amekwisha kuacha kuamuru, walau kwa kitambo. Mama wa dagaa akaletwa mbele na tiketi zake, mfanyabiashara wa nguo za mitumba kutoka Mbale akawa mkalimani, na afande akazitazama tiketi, akazigeuza, akasoma tarehe zake. Akapiga simu. Akasema diwani anakuja, na kwamba wasizibe barabara.

Diwani alichelewa karibu saa nzima, na dereva wetu alikuwa amepiga honi mpaka akachoka. Alipofika alisema kwamba mkataba wa zabuni hauko kwake bali uko makao makuu ya wilaya. Mtu akauliza kama unaweza kusomwa hadharani. Akaahidi kuuleta siku ya soko ijayo. Hapo tukaondoka. Majuma kadhaa baadaye, mwalimu mmoja afundishaye karibu na mahali pale alitueleza yaliyofuata. Mkataba uliletwa kweli, ukasomwa kwa Kiingereza, ukafasiriwa vipande vipande na yeyote aliyejaribu. Tiketi ya langoni imefutwa kwa wanaokuja kwa miguu au baiskeli. Choo bado.

Mmoja wetu, ambaye ndiye mkubwa kwa umri na ambaye amekuwa naibu mkuu wa shule, hakupendezwa na furaha yetu, na ubishi wake ulidumu kutoka pale mpaka tulipouona mlima Wanale. Hoja yake yafaa kuandikwa hapa kwa haki. Alisema kwamba sisi sote tunakula kodi za watu, na si adabu kwa anayekula kushangilia mpishi anapogoma. Alikumbusha kwamba Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 17, imekuhesabu kulipa kodi miongoni mwa wajibu wa raia. Akaongeza jambo zito zaidi: kwamba kodi ya ngazi ilipoondolewa, watu wakacheza ngoma, lakini wilaya zikapoteza fungu kubwa la mapato ya kwao wenyewe. Kodi ya huduma za mitaa na ile ya hoteli, zilizoletwa mwaka 2008, hazikuliziba pengo hilo. Tangu hapo halmashauri zinangoja ruzuku kutoka Kampala. Na halmashauri inayolishwa na Kampala, alisema, itaitazama Kampala wala haitamtazama muuza dagaa.

Katika hilo la mwisho alikuwa na haki kabisa, na tulimwambia hivyo. Tulichokikataa ni kuita mkutano ule mgomo. Katiba hiyo hiyo imempa raia, katika ibara ya 38, haki ya kushiriki katika mambo ya serikali, yeye mwenyewe au kwa njia ya wawakilishi wake, na ibara ya 29 imempa uhuru wa kukusanyika bila silaha. Kifungu kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano katika sheria ya mwaka 2013 kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2020. Afande wa pikipiki pengine hakuarifiwa. Na ibara ya 152 inasema kwamba kodi haitatozwa ila kwa idhini ya sheria ya Bunge. Kwa hiyo mama mwenye tiketi mbili alikuwa ndani ya katiba kuliko yule aliyemkatia.

Ubishi huo ulituongoza kwenye historia, maana nchi tuliyokuwa tukiipita ina kumbukumbu zake za kodi, na zile za zamani si za kujivunia. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia tatu kwa kila nyumba, na mtindo huo ukaenezwa mashariki, ambako Semei Kakungulu, mwanzilishi wa mji wa Mbale, alikuwa ameitiisha nchi na kuweka machifu wa Kiganda juu ya watu wasiokuwa Waganda. Miaka michache baadaye ikaletwa pamba, na pamba na kodi zikawa pacha: ulipe ili ulime, ulime ili ulipe. Miaka sitini haikutosha kuifanya kodi ionekane kuwa mali ya wenyewe. Mwezi wa Januari 1960, miaka miwili na miezi tu kabla ya uhuru, watu wa Bukedi waliinuka, na machafuko yakaenea mpaka Bugisu. Kisa kilikuwa hiyo hiyo kodi ya ngazi, na zaidi ya kodi yenyewe, upimaji wake. Aliyepima alikuwa chifu na watu wake, na mwenye ugomvi na chifu aliweza kujikuta tajiri katika daftari hali hana mbuzi. Nyumba za machifu zilichomwa moto, watu waliuawa, na serikali ya kikoloni ikaunda tume ya uchunguzi. Hatuoni fahari yoyote katika nyumba kuchomwa. Lakini twaona kwamba watu wasiokuwa na mahali pa kuuliza jinsi walivyopimwa walijibu kwa njia iliyobaki.

Linganisheni na Wapare wa Tanganyika. Nako, katika miaka ya vita kuu ya pili, machifu waliweka kodi ya kupima mali ya kila mtu, iliyojulikana kwa jina la mbiru. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani wakaenda Same, makao ya mkuu wa wilaya, wakakaa pale. Hawakuchoma kitu. Walikaa, wakapika, wakasema hawaondoki mpaka mambo yao yasikilizwe, na hawakukataa kodi kwa jumla, walikataa kupimwa namna ile. Mwaka uliofuata wanawake nao waliandamana, wakiuliza serikali inawafanyia nini waume zao. Mwishowe mbiru iliondolewa. Profesa Isaria Kimambo ameiandika habari hii katika kitabu chake, na twashangaa kwamba ni mara chache kuisikia katika madarasa yetu ya fasihi na ufahamu, ilhali tunawasomesha watoto habari za sungura mwaka mzima.

Na kwa kuwa hatuandiki haya kwa ajili ya wanahistoria tu, tuyatazame maneno yenyewe, ambayo ndiyo kazi yetu.

Ushuru ni neno la Kiarabu lenye shina la kumi: fungu moja katika kumi. Kwa asili, basi, lina kipimo ndani yake. Anayetoza ushuru amekubali mpaka. Kutoza ni kumfanya mtu atoe. Kutokana na kitenzi hicho Watanzania wana nomino tozo, neno lililovuma sana mwaka 2021 walipowekewa tozo za kutuma na kupokea fedha kwa simu, wakalalamika mpaka zikapunguzwa. Waganda nao walikuwa wametangulia kuonja: mwaka 2018 waliwekewa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, kodi ambayo mwaka 2021 iliondolewa na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe. Lipa huzaa lipia na lipisha, lakini pia huzaa lipiza, na lipiza siku zote hutembea na kisasi. Ndugu yetu wa sarufi atasema huu ni unyambulishaji tu. Watu wa Bukedi wa 1960 wangemwambia kwamba ni historia.

Raia hutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kundi lichungwalo, na watu walio chini ya mchungaji wao. Mwananchi ni neno letu la Kibantu, na halina mchungaji. Serikali twalipata kwa Waajemi. Diwani ni la ajabu kuliko yote: katika dola za Kiislamu za kale lilikuwa daftari la mapato na malipo, kisha ofisi inayotunza daftari, kisha baraza, na kwa njia nyingine likawa kitabu cha mashairi ya mtu mmoja. Diwani wetu wa soko lile, aliyekuja bila mkataba, alikuwa diwani asiye na diwani. Tulilisema hilo garini tukacheka, naibu mkuu wa shule akicheka kuliko sisi.

Kisha kuna baraza. Msomaji wa pwani anaijua baraza kuwa ni kiti cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa kahawa na mazungumzo, ambapo mpita njia hukaribishwa. Wakoloni walilichukua neno, wakalifanya mkutano wa kumsikiliza mkuu wa wilaya: yeye asema, ninyi mnapiga makofi. Na mwaka 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, nchi inayoendesha kila kitu kwa Kiingereza, ilipotaka kuanzisha mikutano ya hadhara katika kaunti ndogo ili maofisa wawaeleze watu fedha za umma zimetumikaje na watu waulize, haikupata jina la Kiingereza lililofaa. Iliiita mikutano hiyo baraza. Mikutano yenyewe haikufika kila mahali wala haikufanyika kila mwaka. Lakini jina lilichaguliwa, na lilichaguliwa na watu ambao hawana mapenzi makubwa na lugha yetu. Mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo tumehudhuria mikutano mingi ya kuzungumzia vitabu, walimu na mishahara, yote ikiwa ya haki. Hatujahudhuria hata mmoja wa kuzungumzia ni Kiswahili gani kitakachofundishwa: kile cha tawanyikeni, au kile cha nauliza tu.

Maana vitabu vyetu vya mwaka wa kwanza, tusifichane, huanza na amri. Simama. Keti. Fungua kitabu. Twajua sababu yake: amri ni shina tupu la kitenzi, na mwanafunzi hutamka bila kujua viambishi. Lakini mtoto wa Jinja, ambaye kwao lugha hii imeingia kwa amri, anafika shuleni na kukuta kwamba hata mwalimu anamwamuru. Dhamiri tegemezi, ile ya naomba unionyeshe na tungependa mtueleze, huletwa mwaka wa tatu, ikiwa muda upo. Wakati wa warsha ya Mbale tulipendekeza ianzishwe mapema, pamoja na maneno ya kuulizia: kiasi gani, kwa nini, nani aliamua, imeandikwa wapi. Wenzetu wengine waliona kwamba tunaingiza siasa darasani. Tulijibu kwamba bei ya dagaa nayo ni siasa, na imo katika kila kitabu cha mazungumzo ya sokoni.

Kenya imetupa mfano mpya, wa kutia moyo na wa kuhuzunisha kwa pamoja. Mwezi wa Juni 2024 vijana walipoukataa Muswada wa Fedha, hawakuanza barabarani. Walianza kwa kuusoma. Wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za makabila yao katika simu zao, kifungu baada ya kifungu, mpaka muuza mboga akajua mkate utapandaje bei. Ndipo wakatoka, Nairobi na katika miji midogo ambayo haijawahi kuona maandamano. Tarehe 25 Juni watu waliingia bungeni, risasi zikapigwa, na katika majuma yale makumi ya watu walikufa. Siku iliyofuata Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Wapo watakaokumbuka moto na risasi tu. Sisi kama walimu wa lugha twakumbuka pia ile kazi ya kufasiri iliyotangulia, ambayo hakuna serikali iliyoilipia. Mkataba wa soko lile la njia ya Tirinyi ulisomwa kwa Kiingereza mbele ya watu mia mbili, na mfasiri alikuwa yeyote aliyejitokeza. Palikuwa na walimu wa Kiswahili katika wilaya hiyo.

Tuliporudi Jinja muhula ulipofunguliwa, tuliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi la barua rasmi. Zamani tulikuwa tukiwaandikisha barua ya kuomba kazi kwa meneja asiyekuwapo. Safari hii waliandika kwa mwenyekiti wa halmashauri, wakiomba wajulishwe ushuru wa soko lililo karibu na kwao unakusanywa na nani na unatumika kwa nini. Msamiati ulikuwa mgumu: zabuni, mzabuni, mkataba, mapato, hesabu. Binti mmoja ambaye mama yake anauza nyanya alikwama katika aya ya pili, akainua mkono, akauliza lipi ni la heshima zaidi, tunaomba au tunadai. Darasa likagawanyika. Wavulana wa nyuma walisema kwamba anayeomba hunyimwa. Msichana mwingine akasema kwamba deni hudaiwa, na fedha ya tiketi ni deni. Mwingine akapendekeza tunaomba mtujulishe kama tulivyo na haki ya kujulishwa, sentensi ndefu iliyowapa taabu ya viambishi kwa dakika kumi nzima, nasi tukaiacha iwape taabu hiyo. Kengele ikalia kabla hatujafika kwenye namna ya kumalizia barua.

Barua zilikamilika juma lililofuata, ishirini na nane, nyingine zikiwa na makosa ambayo tuliyasahihisha na nyingine zikiwa na makosa ambayo tuliyaacha. Wanafunzi wameuliza kama kweli zitapelekwa. Mkuu wa shule ameomba azisome kwanza, na mpaka tunapoandika haya zimo katika kabati la ofisi yake, juu ya madaftari ya mahudhurio.